Saa za kufungua shule na msongamano wa magari: Je, kubadilisha ratiba kutapunguza foleni za asubuhi?

MSONGAMANO wa magari wakati wa asubuhi ni miongoni mwa kero sugu zinazowakabili wakazi wa Nairobi na viunga vyake. Hata hivyo, kuna majira ambapo kero hiyo hupungua pasipo serikali kujenga barabara wala kuongeza polisi wa trafiki. Majira hayo ni likizo za shule za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Abiria wa matatu kutoka Rongai, Kikuyu au Kasarani hutambua tofauti hiyo siku ya kwanza ya likizo, na huitambua tena kwa uchungu shule zinapofunguliwa.

Ni kutokana na hali hiyo ambapo swali huzuka mara kwa mara: iwapo magari ya shule huchangia foleni kwa kiasi hicho, mbona saa za kuanza masomo zisibadilishwe ili wanafunzi na wafanyakazi wasikutane barabarani kwa wakati mmoja? Jibu lake si jepesi kama swali lenyewe. Linagusa usingizi wa mtoto, kazi ya mzazi, mkataba wa mwalimu, sheria za nchi na mamlaka ya serikali mbili, ya kitaifa na ya kaunti.

Maana ya pendekezo lenyewe

Watu wanapozungumzia kubadilisha saa za shule, aghalabu huwa na mambo manne tofauti akilini, na ni vyema kuyatenganisha.

La kwanza ni kuchelewesha, yaani shule zote kuanza baadaye kuliko ofisi. La pili ni kutanguliza, yaani shule kuanza mapema ili magari yake yawe yameondoka barabarani kabla ya wafanyakazi kutoka nyumbani. La tatu ni kupishanisha, ambapo shule hugawanywa kwa makundi na kila kundi likapewa saa yake ya kuanza na ya kufunga. La nne ni kubadilisha saa za kazi badala ya zile za shule, ili mzazi apate nafasi ya kumfikisha mwanawe shuleni kisha aende kazini bila pupa.

Kila mojawapo ina faida na hasara zake. Kuchelewesha humfaa mtoto anayehitaji usingizi lakini humtatiza mzazi ambaye mwajiri wake hataki kusikia habari ya kuchelewa. Kutanguliza humridhisha mzazi huyo lakini humwamsha mtoto usiku wa manane. Kupishanisha hupunguza shinikizo barabarani lakini huitesa familia yenye watoto watatu katika shule tatu zenye saa tatu tofauti.

Kwa nini gari moja kati ya manane ni muhimu

Wengi hudhani kwamba ili foleni ipungue kwa nusu, ni sharti nusu ya magari yaondolewe barabarani. Dhana hiyo si sahihi, na ndiyo sababu likizo za shule huleta nafuu kubwa kuliko idadi ya magari yanayokosekana.

Leni moja ya barabara kuu iliyo katika hali nzuri hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa, sawa na magari 30 kila dakika. Tuseme, kwa mfano, kwamba kati ya saa moja na saa mbili asubuhi magari 40 hufika kila dakika mahali ambapo barabara inabana. Kufikia saa mbili, magari 2,400 yatakuwa yamefika lakini ni 1,800 pekee yatakayokuwa yamepita. Magari 600 yatakuwa yamekwama, na dereva anayefika mwishoni mwa foleni hiyo atangoja kwa dakika 20.

Sasa chukulia kwamba magari 300 miongoni mwa hayo, yaani gari moja kati ya kila manane, yameahirisha safari hadi baada ya saa mbili, wakati ambapo barabara ina nafasi. Magari yatakayofika kila dakika yatakuwa 35. Foleni ya saa mbili itakuwa ya magari 300 na muda wa kungoja utakuwa dakika 10. Gari moja kati ya manane limebadilisha saa, na dereva wa mwisho amepunguziwa nusu ya muda wake wa kungoja. Iwapo magari 600 yangeahirisha safari, yaani robo ya magari yote, foleni isingekuwepo kabisa.

Mfano huu ni rahisi kuliko hali halisi. Barabarani kuna matatu zinazosimama kila mahali kubeba abiria, makutano yanayoongozwa na polisi kwa mkono, mikokoteni, na ajali ndogondogo ambazo hufunga leni nzima. Hata hivyo, kanuni yenyewe haibadiliki: barabara ikishajaa hadi pomoni, kila gari la ziada huwachelewesha wote walio nyuma yake. Mwanauchumi William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alieleza jambo hili kwa njia ya hesabu mwaka 1969. Alionyesha kwamba foleni ya asubuhi huzaliwa kwa sababu watu wengi wanataka kufika kwa wakati mmoja mahali ambapo njia ni nyembamba, na kwamba tiba mojawapo ni kuwatawanya kwa saa.

Aidha, ni muhimu kutahadhari. Nafuu ya likizo haitokani na watoto pekee. Wazazi wengi huchukua likizo ya kazi wakati huo huo, walimu hawasafiri kila siku, na mabasi ya shule huegeshwa. Hali ya mwaka 2020 pia si kipimo kizuri. Shule zilifungwa mwezi Machi kutokana na janga la Covid-19, lakini ofisi nyingi nazo ziliwaruhusu wafanyakazi kubaki nyumbani. Kwa hivyo, anayedai kwamba kubadilisha saa za shule kutaifanya kila asubuhi iwe kama ya Agosti anaahidi zaidi ya uwezo wake.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Kinyume na wanavyodhani wazazi wengi, saa za shule nchini Kenya haziko mikononi mwa mwalimu mkuu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, zinaeleza kwamba masomo katika shule za kutwa yataanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Muda wa kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45 umetengewa michezo na shughuli nyingine zisizo za darasani.

Licha ya hayo, katika shule nyingi za mijini wanafunzi hutakiwa kuwa darasani saa moja au hata kabla ya hapo. Wizara ya Elimu imetoa maonyo kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 2023, Ezekiel Machogu, aliyekuwa Waziri wa Elimu wakati huo, aliwataka walimu wakuu kutowalazimisha wanafunzi wa kutwa kufika shuleni kabla ya saa mbili. Onyo hupokelewa, hutiiwa kwa muda, kisha mambo hurejea yalivyokuwa.

Sababu za kufika mapema ni mbili. Ya kwanza ni ushindani wa mitihani. Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulizifanya shule zishindane kwa kuongeza muda wa masomo alfajiri na jioni. Mtihani huo umeondolewa, lakini desturi ulizozaa hazikuondoka nao. Sababu ya pili ni barabara zenyewe. Mzazi anayetaka kuwa ofisini saa mbili hana budi kumwacha mtoto shuleni saa kumi na mbili na nusu, nayo shule humpokea mtoto huyo na kumtafutia la kufanya.

Hapa ndipo penye fundo la suala hili. Kufika mapema kumekuwa, pasipo mtu yeyote kukusudia, mpango wa kupishanisha saa. Magari ya shule hutangulia na magari ya ofisi hufuata. Iwapo serikali itaitekeleza kanuni ya saa mbili kikamilifu bila kufanya jambo lingine lolote, mabasi ya shule yatasogea hadi saa moja na nusu, wakati ule ule ambapo wafanyakazi wanaelekea kazini. Mtoto atapata usingizi zaidi, lakini huenda foleni ikazidi. Ndiposa utekelezaji wa kanuni na upishanishaji wa saa haviwezi kutenganishwa.

Anayelipa gharama ni mtoto

Wataalamu wa usingizi wa Marekani, kupitia shirika lao la kitaaluma, hupendekeza kwamba mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 alale kwa saa 9 hadi 12 kila siku, naye kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kwa saa 8 hadi 10. Mtoto wa darasa la nne anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili apande basi saa kumi na moja, anastahili kuwa amelala kufikia saa moja na nusu jioni ili apate saa tisa pekee. Katika nyumba nyingi za Nairobi, saa hiyo mzazi bado yumo ndani ya matatu akirejea kutoka kazini.

Basi la shule nalo lina hesabu yake. Linapochukua watoto katika mitaa mbalimbali, yule anayechukuliwa wa kwanza hukaa ndani muda mrefu kuliko wote. Barabara ikizidi kujaa, mwenye shule husogeza saa ya kuanza safari nyuma ili basi lisichelewe, na anayeumia ni yuleyule wa kwanza. Mtoto hulala kwenye kiti cha basi, akifika darasani macho ni mazito, na jioni huanza tena safari hiyo kwa upande wa pili akiwa na kazi za ziada mkobani.

Kwa vijana wa shule za upili, suala hili lina uzito wa kipekee. Wataalamu wameeleza kwamba mtu anapobaleghe, saa ya mwili wake husogea mbele, akawa haoni usingizi mapema usiku na akawa mzito kuamka asubuhi. Ni kwa msingi huo ambapo Chuo cha Madaktari wa Watoto nchini Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana wa umri huo zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Usalama pia ni sehemu ya gharama hiyo. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, kwa hivyo jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja hutoka gizani. Wanafunzi wa Kibera, Mathare na Mukuru, ambao wengi wao huenda shuleni kwa miguu, huvuka barabara kabla ya madereva kuwaona vyema. Waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaofariki katika ajali za barabarani nchini Kenya. Mjadala wa saa za shule ukiwahusu wenye magari pekee, utakuwa umewasahau wanafunzi wengi zaidi.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Rwanda. Mnamo Novemba 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yangeanza saa mbili na nusu asubuhi, na saa rasmi za kazi zingekuwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hapo awali shule nyingi zilikuwa zikianza saa moja. Lengo lililotajwa lilikuwa kuinua tija kazini na kuboresha maisha ya familia, wala si barabara pekee. Hata hivyo, lililo la kuzingatiwa ni kwamba saa za shule na za kazi zilibadilishwa kwa pamoja, kwa uamuzi mmoja, na nusu saa ikaachwa baina yake ili mzazi amfikishe mtoto kwanza. Nchi inayobadilisha upande mmoja tu humwacha mzazi akihangaika katikati.

Katika mji wa Rennes nchini Ufaransa, hatua iliyochukuliwa mwaka 2012 ilikuwa ndogo zaidi. Treni za chini ya ardhi zilikuwa zikijaa kupita kiasi kila asubuhi kwa sababu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rennes 2 walikuwa wakielekea chuoni kwa wakati mmoja. Badala ya kununua treni zaidi, wakuu wa mji na wa chuo walikubaliana kwamba sehemu ya wanafunzi waanze masomo robo saa baadaye. Msongamano wa saa hiyo ulipungua. Funzo lake ni kwamba si lazima tofauti iwe ya saa nzima; hata dakika 15 zilizopangwa vyema zina manufaa.

Mjini Boston, Marekani, mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2017, wasimamizi wa shule za umma waliwatumia watafiti wa chuo cha MIT kutunga programu ya kompyuta ambayo ingepanga saa za shule zote kwa mpigo, ili vijana waanze baadaye na mabasi yatumike kwa gharama nafuu. Kwa hesabu, mpango ulikuwa mzuri. Lakini ulipotangazwa mwezi Desemba, wazazi wa watoto wadogo waligundua kwamba baadhi ya shule za msingi zingeanza kabla ya saa moja na nusu asubuhi na kufunga mapema mno mchana. Walifurika mikutanoni kwa hasira, na mpango ukaondolewa kabla ya kutekelezwa. Kompyuta ilikuwa imehesabu mabasi. Haikuwa imehesabu ni nani angemtunza mtoto mchana.

California ilipitisha sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2022, inayozitaka shule za upili zisianze kabla ya saa mbili na nusu, huku shule za kati zikianza saa mbili au baadaye. Florida ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2023, lakini ikaifuta mwaka 2025 kabla ya kuanza kutumika, baada ya wasimamizi wa shule kulalamikia gharama za usafiri na ugumu wa kupanga mabasi.

Nchi nyingine zimeelekeza macho kwa wafanyakazi. Singapore iliwaruhusu abiria waliofika katika vituo vya katikati ya jiji kabla ya saa moja na dakika 45 asubuhi kusafiri kwa treni bila malipo, kuanzia Juni 2013 hadi Desemba 2017. Jijini Manila, Ufilipino, ofisi za serikali za mitaa zilitakiwa kuanzia Mei 2024 kufanya kazi kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ili wafanyakazi wake wasikutane barabarani na wale wa kampuni za kibinafsi.

Nairobi imejaribu nini?

Jiji la Nairobi halijakosa mipango. Mwaka 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilirejesha nidhamu katika sekta ya matatu kwa mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kupanuliwa. Mwaka 2015, serikali ya Gavana Evans Kidero iliweka mapipa kwenye mizunguko ya barabara ili kuwazuia madereva kukata kulia, hatua iliyozua kejeli nyingi. Desemba 2018, serikali ya Gavana Mike Sonko ilizipiga matatu marufuku kuingia katikati ya jiji. Marufuku hiyo ilisitishwa baada ya siku moja, wakazi walipolazimika kutembea mwendo mrefu wakiwemo wagonjwa na akina mama wenye watoto. Mwaka uliofuata kulitangazwa siku za wiki ambazo magari ya kibinafsi hayangeingia katikati ya jiji, lakini mpango huo haukuanza ilivyokusudiwa. Mwaka 2022, barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa.

Hatua hizi zote, zilizofaulu na zilizogonga mwamba, zililenga nafasi: kuongeza leni, kufunga njia, au kuwaondoa baadhi ya watu barabarani. Ni chache mno zilizolenga wakati. Ilhali idadi ya watu jijini ilipanda kutoka takriban milioni 3.1 katika sensa ya 2009 hadi karibu milioni 4.4 katika ile ya 2019, na wengine wengi huingia kila asubuhi kutoka Kiambu, Kajiado na Machakos. Ardhi ya kujenga leni mpya ni haba na ghali. Kubadilisha saa ya kengele hakuhitaji saruji.

Vikwazo vilivyopo

Pamoja na hayo, vikwazo ni vingi na vinastahili kutajwa wazi.

Kwanza ni mzazi mwenye kazi isiyo na uhuru wa saa. Muuguzi, bawabu, mfanyakazi wa kiwandani Eneo la Viwandani na muuzaji wa duka hawawezi kuwaambia waajiri wao kwamba shule imesogeza kengele. Shule ikianza saa tatu, mtoto wa mzazi huyo ataachwa na nani tangu saa kumi na mbili? Mwenye uwezo ataajiri yaya; asiye nao atamwacha mtoto langoni pa shule, na lango likifungwa mtoto atakaa nje.

Pili ni jioni. Shule inayoanza saa moja baadaye hufunga saa moja baadaye. Basi litakaloondoka saa kumi na moja jioni litakutana na foleni ya wafanyakazi wanaorejea nyumbani, na mtoto aliyepata usingizi asubuhi ataupoteza usiku. Kwa hivyo ratiba haiwezi kupangwa kwa kuangalia asubuhi peke yake.

Tatu ni walimu. Nao pia ni wasafiri na wazazi. Mwalimu anayeishi Kitengela na kufundisha Westlands ataathiriwa na ratiba mpya sawa na mwanafunzi, na watoto wake mwenyewe huenda wakawa katika shule yenye saa tofauti.

Nne ni tabia ya barabara yenyewe. Foleni ikipungua saa moja na nusu, baadhi ya waliokuwa wakitoka nyumbani alfajiri watarudi kwenye saa hiyo kwa kuwa sasa inawafaa, na wengine walioacha magari nyumbani watayatoa. Sehemu ya nafuu itamezwa. Hilo si hasara tupu, kwani aliyelala nusu saa zaidi amefaidika, lakini yafaa ieleweke mapema ili watu wasitarajie miujiza.

Nani mwenye mamlaka?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwagawia watu tofauti vipande vya suala hili. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali elimu ya chekechea iko chini ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma mijini ni za kaunti. Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi, NAMATA, iliyoundwa mwaka 2017, inahusisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Saa za kazi katika kampuni za kibinafsi nazo hutegemea mikataba baina ya waajiri na wafanyakazi.

Maana yake ni kwamba gavana hawezi kuamuru shule zifunguliwe saa tatu, naye waziri wa elimu hawezi kupanga taa za trafiki. Kwa kuwa kanuni za 2015 zimetaja saa mbili waziwazi, mpango wowote wa kuziruhusu shule kuanza saa mbili na nusu au saa tatu utahitaji kanuni hizo zirekebishwe kwanza.

Hatua zinazoweza kuchukuliwa

Kutokana na mafunzo ya kwingineko, mpango wenye matumaini ya kufaulu ungepitia hatua zifuatazo.

1. Kuhesabu kwanza. Kila shule iliyo kandokando ya barabara yenye msongamano itoe idadi ya wanafunzi wake, mitaa wanakotoka, na namna wanavyosafiri: kwa miguu, kwa matatu, kwa basi la shule au kwa gari la mzazi. Shule ambayo wanafunzi wake wote hutembea haina sababu ya kubadilishiwa saa kwa ajili ya foleni.

2. Kuanza na barabara moja. Njia kama Lang'ata au Ngong, zenye shule nyingi za kibinafsi na mabasi mengi, zingefaa kwa majaribio ya muhula mmoja, badala ya kuagiza jiji zima libadilike Jumatatu moja.

3. Kupishanisha kwa nafasi ndogo. Makundi matatu ya saa mbili, saa mbili na robo, na saa mbili na nusu yangetawanya magari pasipo kuvuruga maisha ya familia. Ndugu walio katika shule moja wawekwe katika kundi moja, na shule jirani zenye lango kwenye barabara moja ziwekwe katika makundi tofauti.

4. Kuweka mpaka wa chini. Kusiwe na kundi linaloruhusiwa kuanza kabla ya saa mbili. Bila mpaka huo, upishanishaji utageuka kisingizio cha kuwaamsha baadhi ya watoto mapema zaidi.

5. Kufungua lango. Shule iruhusiwe kumpokea mtoto wa mzazi anayetangulia kazini, akae mahali salama penye mwangalizi, asome hadithi au apumzike, lakini asifundishwe. Mtoto aliyebarizi shuleni kwa hiari ya mzazi si sawa na darasa zima lililoamriwa kufika.

6. Kutumia mabasi vyema. Basi moja linaloweza kufanya safari mbili kwa kuwa shule mbili zina saa tofauti huziokolea shule hizo gharama ya basi la pili. Aidha, basi lililojaa watoto 50 huchukua nafasi ndogo barabarani kuliko magari ya wazazi 30 yenye mtoto mmoja mmoja.

7. Kuwashirikisha waajiri. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa zaidi. Wizara zilizo Upper Hill na katikati ya jiji zikiwaruhusu wafanyakazi wenye watoto kuingia saa tatu na kutoka baadaye, kampuni nyingine zitakuwa na mfano wa kufuata.

8. Kupima na kutangaza. Muda wa safari za mabasi ya shule na matatu upimwe kabla ya majaribio na baada yake, na saa ambayo mtoto wa kwanza huchukuliwa na basi iandikwe pia. Matokeo yatangazwe kwa wazazi kabla ya uamuzi wa kudumu.

Kipimo hicho cha mwisho, saa ya kuchukuliwa kwa mtoto wa kwanza, ndicho kinachostahili kupewa uzito kuliko vyote. Mpango unaweza kupunguza foleni kwa dakika kumi na bado ukawa umeshindwa, iwapo umefanya hivyo kwa kumsimamisha mtoto wa miaka saba kando ya barabara kabla ya jogoo kuwika. Kwa muda mrefu jiji limekwepa foleni zake kwa kukopa usingizi wa watoto. Ratiba mpya ya shule, ikipangwa na wizara, kaunti, wazazi na waajiri wakiwa meza moja, inaweza kuanza kulipa deni hilo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.